Kazi ya kundi mtandaoni: Mfumo unakuona ukidandia, ila hauoni kila kitu

KILA komredi anawajua watu hawa. Kundi lina wanafunzi watano, kazi inafaa kuwasilishwa Ijumaa saa sita usiku, na kufikia Jumatano ni wawili tu wanaoandika. Wa tatu alisema wiki jana, "Niko kwa job kidogo, nitacheki jioni." Jioni hiyo haijafika. Wa nne ameacha tiki za buluu na kimya. Wa tano ni mteja tu, hapatikani kwa sasa. Halafu Ijumaa, faili ikishapakiwa, wote wanaamka kwa pamoja: "Wasee, jina langu mmeweka?"

Jina linawekwa, kwa sababu hakuna anayetaka kuitwa msaliti. Alama zinatoka, na wote watano wanapata sawa. Aliyekesha na aliyelala wote wana 24 kati ya 30.

Miaka ya nyuma mhadhiri hakuwa na njia ya kujua nani alifanya nini. Sasa masomo yamehamia mtandaoni na kuna shahidi ambaye halali: mfumo wenyewe wa masomo. Fani inayosoma ushahidi huo inaitwa uchanganuzi wa data za masomo, na kongamano lake la kwanza la kimataifa lilifanyika Banff, Canada, mwaka 2011. Kazi yake ni kukusanya alama ambazo wanafunzi huacha wanaposoma mtandaoni, ili ijulikane wanasoma vipi, wanashirikiana vipi, na nani anahitaji msaada kabla mambo hayajaharibika.

Kwa vijana wa Kenya hili si jambo la mbali. Machi 2020, Covid-19 ilifunga vyuo na mihadhara ikahamia kwenye simu. Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati rasmi ya kuendesha shughuli zake. Kuna vijana wanaosomea shahada nzima bila kukaa kwenye dawati moja na wenzao. Kwao kundi la mtandaoni ndilo darasa lenyewe.

Swali basi ni hili: shahidi huyo wa mitambo anaaminika kiasi gani?

Mstari kwa kila unachobofya

Vyuo vingi nchini hutumia Moodle, programu ya bure iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia. Jamaa huyu alilelewa jangwani, mbali na miji, na utotoni alipata masomo yake kwa redio. Pengine ndiyo sababu alijali sana mwanafunzi aliye mbali. Toleo la kwanza la Moodle lilitoka mwaka 2002.

Ukiingia humo, kila hatua yako huandikwa mstari wake: saa, jina lako, sehemu ya kozi uliyofungua, ulichofanya hapo, na anwani ya IP ya mtandao uliotumia. Umefungua notisi? Mstari. Umesoma mjadala ukanyamaza? Mstari. Umejibu? Mwingine. Umepakia asaimenti dakika mbili kabla ya saa sita usiku? Huo nao upo, na mhadhiri akitaka anauona.

Hati za pamoja nazo zina kumbukumbu. Google Docs huhifadhi historia ya mabadiliko, ikionyesha nani aliongeza aya gani na lini. Kurasa za wiki ndani ya Moodle hufanya vivyo hivyo. Kwa hivyo ule msemo wa "mimi pia nilichangia, ni vile tu hamkuona" una mahali pa kupimwa.

Kuhesabu si kuelewa

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanadhani kazi ni kuhesabu tu: aliyeandika mara nyingi ndiye bingwa. Tuchukue kundi la mfano. Kuna Kamau, Achieng, Mwende, Barasa na Halima. Kwenye ukumbi wa majadiliano, Kamau ameandika mara 20, Achieng mara tisa, Mwende mara sita, Barasa mara mbili, na Halima hajaandika hata mara moja.

Ukihesabu tu, Kamau ni nyota na Halima ni mdandiaji. Sasa chora picha. Weka duara kwa kila mtu, kisha vuta mstari kila mmoja anapomjibu mwenzake. Ghafla hadithi inabadilika. Ujumbe wa Kamau mwingi ni "wasee tuharakishe" na "muda unaisha." Hakuna aliyemjibu na yeye hakumjibu mtu. Duara lake liko pembeni peke yake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Achieng yuko katikati. Mwende na Barasa hawajawahi kujibizana moja kwa moja. Kila kitu baina yao kimepitia kwake. Simu ya Achieng ikiharibika wiki moja, kundi zima limekwama. Barasa aliandika mara mbili tu, lakini mara moja kati ya hizo aliuliza swali lililofanya wote warudi nyuma na kubadilisha mada. Halima je? Kumbukumbu zinaonyesha alifungua kila mjadala, kila siku, na jina lake limejaa kwenye historia ya hati ya pamoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mbinu hii ya maduara na mistari ina umri mkubwa kuliko intaneti. Jacob Moreno, daktari wa akili aliyefanya kazi Marekani, aliitumia miaka ya 1930 kuchora urafiki wa watoto darasani na kuonyesha nani anapendwa, nani ametengwa. Alitumia kalamu na karatasi. Baadaye watafiti wa Australia walitengeneza zana iitwayo SNAPP, inayosoma majadiliano ya kozi na kuchora picha hiyo ndani ya sekunde chache, ili mhadhiri aone nani yuko pweke muhula ukiwa bado mchanga.

Moodle nayo haikuachwa nyuma. Tangu toleo la 3.4, lililotoka mwishoni mwa 2017, ina kielelezo cha kutabiri mwanafunzi aliye katika hatari ya kuacha kozi. Pamoja na mengine, kinaangalia upana wa uhusiano wa mwanafunzi na wenzake, kwa ngazi tano. Chini kabisa yuko anayesoma peke yake bila kuzungumza na mtu. Juu kidogo yuko aliyewasiliana na mtu mmoja, halafu aliyewasiliana na kadhaa. Ngazi ya nne ni ya waliojibizana kweli: mmoja anasema, mwingine anajibu, wa kwanza anarudi tena. Ya tano ni kutoka nje ya darasa na kuzungumza na watu wanaofanya kazi hiyo mitaani.

Mawazo haya yanatokana na kazi ya Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, waliokuwa Canada, ambao mwaka 2000 walieleza kwamba mtu hujifunza vyema mtandaoni anapofikiri kwa kina, anapowahisi wenzake kama watu halisi, na mwalimu anapokuwepo kikweli. Angalia ile ngazi ya nne tena. Tofauti kati ya kundi na orodha ya majina ni kule kurudi na kujibu.

Kamba ya Ringelmann

Kabla hatujawalaani wadandiaji, ni vyema tujue kwamba tabia hii si uvivu wa kizazi cha TikTok. Mwaka 1913, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo kutoka Ufaransa, alichapisha matokeo ya majaribio ambapo wanaume walivuta kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Umoja ni nguvu, au sivyo? Kumbe si sana. Kila alipoongeza mtu, mchango wa kila mmoja ulipungua. Walipofika wanane, kila mtu alivuta kwa takriban nusu ya nguvu aliyotumia alipokuwa peke yake.

Sababu zilikuwa mbili. Moja ni uratibu: hawakuvuta kwa wakati mmoja. Ya pili ni kwamba kila mmoja aliona kuna wengine wa kuvuta. Kundi lako la WhatsApp linayo magonjwa yote mawili.

Dawa nayo ilipatikana. Mwaka 1981, wanasaikolojia Kipling Williams, Stephen Harkins na Bibb Latané wa Marekani walifanya majaribio ya watu kupiga kelele kwa pamoja. Walioamini kwamba sauti ya kila mmoja inaweza kupimwa hawakulegea, hata walipokuwa ndani ya kundi. Walioamini sauti yao imepotea ndani ya kelele za wengine, walilegea.

Huo ndio msingi wa kutumia data kwenye kazi za makundi. Si lazima mtu apigiwe kelele au aripotiwe kwa lec. Inatosha ajue kwamba mchango wake unaonekana.

Pale shahidi anapokosea

Lakini ngoja kwanza. Uliza komredi yeyote kazi ya kundi hufanyika wapi. Atakuambia ni WhatsApp, simu ya usiku, au chini ya mti nje ya maktaba. Moodle hufunguliwa mara moja tu, kupakia faili. Kwa hivyo mfumo unaona watu wanne wasiofanya lolote na mmoja aliyepakia. Mazungumzo ya wiki mbili, mabishano, sauti zilizorekodiwa saa nane usiku, yote hayo kwake hayapo.

Kuna na suala la bando. Mwenye waifai nyumbani Kilimani hufungua notisi mara kumi, na anaonekana mwenye bidii mara kumi. Mwenzake wa Kayole hupakua PDF zote siku moja akiwa chuoni, kisha anazisoma kwenye matatu na kitandani bila intaneti. Mfumo umemwona mara moja tu. Mwingine anatumia simu ya dada yake, au ameketi saiba na rafiki, wawili mbele ya skrini moja, na jina lililoingia ni la mmoja. Ukisoma data hizi bila kuujua mtaa, utamwita mvivu mtu ambaye tatizo lake ni pesa.

Halafu kuna ujanja wetu wenyewe. Mchumi Charles Goodhart wa Uingereza alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikitumiwa kuwabana watu, hupoteza uaminifu wake. Mwambie mwanafunzi kwamba atapewa alama kwa kuchangia mara tano kwenye mjadala, na utapata mara tano kamili: "Nakubaliana na mwenzangu," "Hoja nzuri sana," "Asante kwa kushea." Idadi imetimia, mazungumzo hakuna.

Hata vyuo vikubwa vimewahi kuteleza. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilikuwa na mfumo uitwao Course Signals uliomwonyesha mwanafunzi taa ya kijani, njano au nyekundu kama zile za barabarani. Chuo kilisema waliochukua kozi zenye taa hizo walibaki chuoni kwa wingi zaidi. Mwaka 2013 wachambuzi wakauliza swali rahisi: je, taa ndizo zilizowafanya wabaki, ama aliyebaki muda mrefu ndiye aliyepata nafasi ya kuchukua kozi nyingi zenye taa? Sababu na matokeo yalikuwa yamebadilishana viti. Somo ni kwamba namba haijielezi. Lazima mtu aihoji.

Haki zako ni zipi?

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kimekusanya data za aina hii kwa miaka mingi. Mwaka 2017, watafiti wake walitoa kwa umma rekodi za wanafunzi 32,593, majina yakiwa yameondolewa, zenye mistari zaidi ya milioni 10 kuhusu jinsi walivyotumia mfumo. Lakini mwaka 2014, kabla ya hapo, chuo hicho kilikuwa tayari kimeandika sera ya maadili. Mojawapo ya kanuni zake ni kwamba mwanafunzi asichukuliwe kuwa ni zile data zinazoonekana peke yake, wala tafsiri ya chuo kuhusu data hizo.

Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuambiwa data zako zinatumiwa vipi, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Kifungu cha 35 kinakwenda mbali zaidi: una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine pekee. Kwa lugha ya mtaani, kompyuta haifai kukufelisha halafu iseme imemaliza. Lazima kuwe na binadamu anayeweza kukusikiliza.

Na usidhani sheria hii inabagua taasisi za elimu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Chuo kinachohifadhi kila unachobofya kiko chini ya sheria hiyo hiyo.

Sasa form ni gani?

Kwanza, kabla ya kugawana kazi, kubalianeni mahali pa kuifanyia. WhatsApp iwe ya kupanga na kukumbushana, lakini maandishi yenyewe yawe kwenye hati moja ya pamoja, kila mmoja akiingia kwa akaunti yake. Usimtumie mwenzako aya kwa ujumbe akubandikie. Historia ya hati itasema ni yeye aliyeandika, na hatakuwa amekuibia. Utakuwa umempa mwenyewe.

Pili, kundi likiwa na watu watano, hakikisheni kila kipande kina mwenyewe aliyetajwa kwa jina. Ringelmann amekwisha kutuambia kinachotokea kamba ikiwa ya wote.

Tatu, jibu wenzako. Ukisoma alichoandika mwenzako, uliza swali au ongeza jambo. Hiyo ndiyo ngazi ya nne, na ndiko kujifunza kwenyewe kuliko. Mtu anayeweza kumweleza mwenzake kwa nini hoja yake haishiki ameielewa mada kuliko aliyenakili notisi.

Nne, ikiwa shida yako ni bando au simu, sema mapema. Ujumbe mfupi kwa mhadhiri wiki ya pili una uzito kuliko maelezo marefu baada ya alama kutoka. Mfumo ukikuonyesha hujaingia siku 10, awe tayari anajua sababu.

Tano, uliza. Kozi ikianza, muulize mhadhiri kama anatumia kumbukumbu za mfumo kutoa alama za kundi, na anaangalia nini: idadi, majibizano, ama historia ya hati. Si utovu wa adabu kuuliza, ni haki yako. Mhadhiri makini atafurahi, kwa sababu mwanafunzi anayejua anapimwa vipi hana haja ya kubahatisha.

Na kwa wahadhiri wanaosoma ukurasa huu: picha ya maduara na mistari ina faida kubwa wiki ya tatu kuliko wiki ya 13. Mapema, duara lililo peke yake ni mwanafunzi anayehitaji kupigiwa simu. Baada ya mtihani, duara hilo hilo ni jina kwenye orodha ya waliofeli. Ukiwaachia wanafunzi nafasi ya kutathminiana kwa siri, kisha ulinganishe na kile mfumo unaonyesha, utapata mashahidi wawili badala ya mmoja. Wakitofautiana, waite mzungumze.

Aliyekesha peke yake ana haki ya kuonekana, na data zinaweza kumpa haki hiyo. Aliyenyamaza kwa kukosa bando naye ana haki ya kuulizwa kabla ya kuhukumiwa. Kompyuta itakuambia nani alinyamaza. Kwa nini alinyamaza, itabidi mtu ashike simu na kumuuliza.